Kreti Ukumbini, Msokoto Mahabusu

Kijana akinong'ona "cha Arusha" kwenye kijiwe cha Dar es Salaam, wanaomsikia wanajua haulizii kahawa. Anauliza bangi. Jina la mji wetu limekuwa jina la msokoto, na limezoeleka kiasi kwamba mtu aliyezaliwa Sanawari au Kijenge akijitambulisha ugenini hukutana na kicheko kabla hajamaliza kusema. Arusha hiyo hiyo ina kiwanda cha bia cha Tanzania Breweries (TBL), kimoja kati ya vinne vya kampuni hiyo, vingine vikiwa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Ina pia Banana Investments, kampuni iliyoanza miaka ya 1990 na kuitia pombe ya ndizi kwenye chupa. Sijawahi kusikia mtu akichekwa kwa kutoka mji wa bia.

Kicheko hicho ndicho ninachotaka kukichambua. Sina nia ya kuitetea bangi, na mbele nitaeleza kwa nini. Ninauliza jambo moja tu: vilevi viwili vinavyotoka kwenye miteremko ya mlima mmoja vimepataje hukumu zilizo mbali namna hii, na je, kuna siku mtu yeyote alikaa akapima madhara ya kila kimoja kabla ya kutoa hukumu hizo?

Tuanze na mlima wenyewe. Meru ina urefu wa zaidi ya mita 4,500, na upande wake wa kusini ndio unaoshika mvua. Kutoka Tengeru hadi Usa River na juu kuelekea Poli na Akeri unakuta migomba, kahawa na mifereji. Hapo Wameru, kama jirani zao Wachaga, hupika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Waarusha wa Ilboru na Ngaramtoni walikuwa na pombe ya asali, ile iliyotangulizwa kwa wazee kabla ya neno lolote zito kuzungumzwa: posa, tohara, ugomvi wa mpaka wa shamba. Pombe hiyo haikuwa ya kila mtu. Mtoto hakuionja, na kijana aliyekuwa bado kwenye rika la morani hakutakiwa kuigusa. Ilikuwa na wenyewe, na siku yake, na mzee wa kuigawa. Ninautaja mpangilio huo kwa heshima, maana ulijibu maswali matatu ambayo leo hatuyaulizi: nani anywe, lini, na kiasi gani.

Sasa zunguka mlima mpaka kaskazini mashariki. Uko Ngarenanyuki, Uwiro, Kisimiri. Mvua imepungua, vumbi limeongezeka, na mkulima wa nyanya anategemea maji ya kumwagilia. Ardhi ya upande huu ina historia chungu: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki hii hii ili kuwapisha walowezi, na dhuluma hiyo ndiyo iliyompeleka Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Huku ndiko kuliko na Kisimiri Juu, kijiji ambacho kwa miaka mingi kimetajwa pamoja na mashamba ya bangi. Hesabu ya mkulima wake si ngumu kuielewa. Mahindi yanahitaji mvua, usafiri na soko, na bei hupangwa na mnunuzi. Bangi ni mzigo mdogo wenye bei kubwa, na mnunuzi huufuata mwenyewe mpaka mlimani. Kisimiri ni pia jina la shule ya sekondari iliyoshika nafasi ya kwanza kitaifa katika mtihani wa kidato cha sita mwaka 2016. Nasikitika kila ninapoona kwamba ni sifa moja tu kati ya hizi mbili iliyobaki midomoni mwa watu.

Sikiliza Kiswahili chetu kinavyovitenga vilevi hivi. Mwenyeji humuuliza mgeni, "Shemeji, unatumia kinywaji gani?" na wala halitaji neno pombe. Bia ni kinywaji, ni kilaji, ni ulabu, ni mtungi. Mtu amepata moja mbili, amechangamka. Lugha imemjengea mnywaji sebule nzima ya kukaa. Hata methali zetu zilimkaribisha mgema, yule ambaye akisifiwa tembo hulitia maji, na tunaitumia methali hiyo kumwonya fundi, mwanafunzi au waziri bila kuhisi kwamba tumeutaja ulevi. Bangi haina msamiati wa mezani. Ina msamiati wa kujificha: ndumu, msuba, kete, jani, kitu. Na mtu akisema jambo lisiloeleweka huulizwa kama amevuta bangi, hata kama maisha yake yote hajawahi kuiona.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye sarufi yenyewe. Aliyekunywa tunampa hali: amelewa, na kesho atalevuka. Aliyevuta tunampa utu: ni mvuta bangi. Cha kwanza hupita na usiku. Cha pili humfuata mtu mpaka kwenye kikao cha ukoo, kwenye ombi la kazi, kwenye posa. Mzee aliyelewa msibani akatukana wakwe huombewa radhi na jamaa zake kwamba pombe ndiyo iliyosema. Kijana aliyekutwa na msokoto hakuna anayemwombea kwamba bangi ndiyo iliyovuta.

Nenda kwenye ukumbi wowote wa Njiro au Sakina Jumamosi jioni. Kamati ya harusi ilikutana miezi mitatu, na kipengele cha vinywaji kilichukua sehemu nono ya bajeti. Katika mahari ya familia nyingi za huku pombe imo, iwe mbege au kreti za bia, na anayezikabidhi anahesabiwa kuwa mtu aliyelelewa vizuri. Saa sita usiku wageni wanaagana mlangoni na kuingia kwenye magari, wengine wakijishika kuta. Hakuna anayeita polisi. Ninayaandika haya nikiwa nimekaa kwenye kamati kama hizo, nikachanga, nikapiga makofi kreti zilipoingia kwa muziki.

Hukumu zetu zina umri mdogo kuliko tunavyodhani. Neno bangi lenyewe lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara, likitokea Bara Hindi. Huko, mwaka 1893 na 1894, serikali ya Waingereza iliunda tume kubwa ya kuchunguza bangi, iliyotoa ripoti ya juzuu saba. Tume hiyo ilifanya jambo ambalo hata sasa lingetufaa. Ilichukua kumbukumbu za hospitali za vichaa, ambazo zilionyesha wagonjwa wengi waliopagawa kwa sababu ya bangi, ikafuatilia kila jina. Ikagundua kwamba mara nyingi sababu hiyo iliandikwa na polisi au karani aliyekuwa hajui chochote kuhusu mgonjwa. Ilikuwa jibu lililo karibu tu. Tume ikaamua kwamba matumizi ya kiasi hayakuonekana kuleta madhara makubwa, na kwamba wanaozidisha wanaumia. Miaka kama thelathini baadaye ulimwengu ukaenda njia nyingine: mkataba wa kimataifa wa kasumba uliotiwa saini Geneva mwaka 1925 uliiingiza bangi kwenye orodha yake, na makoloni, Tanganyika ikiwamo, yakafuata.

Pombe nayo ilikuwa na zamu yake ya uharamu, ingawa tumeisahau. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulizuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Mwafrika wa Arusha aliyekutwa na chupa ya wiski miaka ya 1930 alikuwa mhalifu. Mlowezi aliyeinywa wiski ya aina hiyo hiyo hotelini alikuwa mteja. Kilevi kilikuwa kimoja. Ngozi ndiyo iliyotofautiana. Vizuizi hivyo vililegezwa miaka ya mwisho ya ukoloni, na baada ya uhuru bia ikawa kitu cha taifa hasa: mwaka 1967 serikali ikachukua sehemu ya umiliki wa kiwanda cha bia, na mwaka 1993 ikaiingiza South African Breweries kama mbia. Kampuni ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Tangu hapo mwalimu mstaafu wa Usa River anaweza kupokea gawio kutokana na bia bila kuhojiwa na mtu yeyote.

Kuna mahali mambo yaligeuka kinyume kabisa, na mfano wake unanifundisha kila ninapoufikiria. Katika nchi ya Kasai, Kongo, kwenye miaka ya 1870 na 1880, watu wa chifu Kalamba Mukenge walijiita Bena Riamba, wana wa bangi. Kwao bangi ilikuwa alama ya amani na urafiki, ikivutwa hadharani kwa buruma kubwa la kibuyu, na pombe ndiyo iliyowekwa kando. Walioandika habari zao ni Wajerumani waliofika huko mwaka 1881, mmojawao Hermann Wissmann, yule yule ambaye mwaka 1889 alikuja pwani yetu kuzima vita vya Abushiri. Siwataji Bena Riamba ili tuwaige. Nawataja kwa sababu wanaonyesha kwamba jamii inaweza kuketisha kilevi chochote kwenye kiti cha heshima na kukitupa kingine nje, na pande zote mbili zikaamini kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Niseme pia kwamba wapo waliopima kwa mizani moja. Wanazuoni wa Kiislamu walipokutana na bangi karne nyingi zilizopita waliipima kwa kuilinganisha na pombe, wakiuliza kama inaondoa akili. Mwislamu wa Unga Limited anayekataa vyote viwili, au Mlokole wa Ngaramtoni ambaye harusi yake ni ya soda na chai, hana utata ninaouzungumzia. Utata ni wetu sisi tunaoshika glasi kwa mkono mmoja na kumnyooshea mwenzetu kidole kwa mwingine.

Sasa madhara yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Inaharibu ini, inapandisha shinikizo la damu, inaongeza hatari ya saratani ya koo, ya matiti na ya utumbo mpana, inamdhoofisha mgonjwa wa kifua kikuu, inamwathiri mtoto tumboni. Mtu akizidisha kwa usiku mmoja anaweza kuacha kupumua. Aliyeizoea kwa miaka akiacha ghafla bila daktari anaweza kupata degedege na kufa. Na tusisahau anachokipata asiyekunywa: mke anayepigwa, mtoto anayelala njaa, mpita njia anayegongwa. Pale Moshi, saa moja na nusu tu kutoka hapa, Hospitali ya KCMC kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke iliandaa mpango uitwao "Punguza Pombe kwa Afya Yako", unaozungumza na majeruhi walioletwa kitengo cha dharura. Hospitali haiundi mpango kama huo kwa tatizo dogo.

Bangi inaua kwa nadra sana kwa kuzidisha dozi, na hilo lazima lisemwe kwa uaminifu. Lakini anayeiita majani tu ya kawaida anadanganya vijana. Moshi wake unaumiza mapafu. Takribani mtumiaji mmoja kati ya kumi huishia kuitegemea. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na anayeanza kuvuta mapema, tena kila siku, tena ile yenye nguvu kubwa inayoitwa skanka, anaongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu, kuacha shule, na kwa baadhi yao kupata ugonjwa wa akili usiopona kirahisi. Hii ndiyo sababu siitetei. Nimewaona mama waliofunga safari kwenda Hospitali ya Mirembe, Dodoma, na vijana wao, na sina neno la kuwaambia kwamba mmea ule hauna kosa.

Lakini hata hapo tabia yetu ya kuhukumu inatudhuru. Kijana wa miaka 19 akianza kusikia sauti zisizokuwepo, mtaa mzima unajua jibu: bangi imemharibu. Pengine ndiyo iliyochochea. Pengine hakuwahi kuvuta, na ugonjwa ulianza kama unavyoanza kwa vijana wengi wa umri huo. Jibu likishatolewa, hapelekwi hospitali. Anafungiwa ndani au anapelekwa kuombewa, na miezi inapita. Tunarudia kosa la yule karani wa India. Na kinyume chake, mzee wa miaka 60 anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza, anayesahau majina ya wajukuu, tunasema uzee umemfika. Mmoja tunamlaumu kupita ushahidi, mwingine hatumtibu kwa sababu hatutaki kuuona ushahidi.

Mwaka 2010 mtafiti David Nutt na wenzake nchini Uingereza walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la kupima madhara ya vilevi ishirini, wakijumlisha madhara kwa mtumiaji na kwa wengine. Pombe ilipata alama 72 kati ya 100, ikaongoza. Bangi ilipata 20. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba pombe ni halali na inanywewa na wengi, kwa hiyo alama hizo zisichukuliwe kama kibali cha kuvuta. Bado zinatosha kukanusha wazo kwamba sheria zetu zilipangwa kwa kufuata ukubwa wa madhara.

Zilipangwa kwa kufuata nini, basi? Angalia ndani ya pombe yenyewe. Konyagi ni pombe kali iliyokenekwa, na ipo dukani ikiwa na stempu ya ushuru. Gongo nayo imekenekwa, na mwanamke anayeipika nyuma ya nyumba Daraja Mbili anakimbia kila akisikia pikipiki ya askari. Ni kweli gongo haipimwi na inaweza kuwa na sumu, na hiyo ni sababu nzuri ya kuizuia. Lakini mstari umechorwa pale penye kiwanda, leseni na kodi. Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, bia husikilizwa kwa makini kwa sababu ushuru wake unajaza mfuko wa serikali. Bangi haina mwakilishi kwenye hotuba hiyo.

Mstari wa pili ni mpaka wa nchi. Pale Namanga, mwendo wa kilomita kama mia moja kutoka mnara wa saa wa Arusha, mirungi upande wa Kenya ni zao halali la biashara, fahari ya wakulima wa Meru nyingine, ile ya Kenya. Kitita hicho hicho kikivuka geti kinakuwa dawa ya kulevya, na sheria yetu inakiweka kapu moja na bangi. Jani halikubadilika njiani.

Na adhabu? Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, inamfikisha mtu aliyepatikana na hatia ya kusafirisha bangi kwenye kifungo cha miaka 30, au cha maisha mzigo ukiwa mkubwa. Mamlaka iliyoundwa na sheria hiyo, DCEA, iliingia Kisimiri Juu mwaka 2023 na kufyeka mamia ya ekari. Siipingi kazi ya kuvunja mtandao wa wafanyabiashara wakubwa. Ila najua anayekutwa shambani ni nani: ni mkulima, mara nyingi na watoto, ambaye mnunuzi wake mkubwa hayuko kwenye picha ya magazeti. Operesheni ikiondoka, mvua ya Kisimiri inabaki ile ile, barabara ile ile, bei ya mahindi ile ile.

Kuhalalisha? Afrika Kusini, kupitia Mahakama yake ya Katiba mwaka 2018, iliruhusu mtu mzima kuvuta faraghani. Canada ilifungua maduka mwaka huo huo. Mwaka 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi kwenye daraja la hatari zaidi kwa kura 27 dhidi ya 25. Msimamo wangu ni kwamba tusikimbilie huko. Nchi ambayo haijaweza kuzuia baa kufunguliwa asubuhi karibu na shule haitaweza kulisimamia duka la bangi, na kampuni itakayopewa leseni itajifunza haraka kutoa matangazo kama ya bia. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho na kigumu zaidi: kijana aliyekutwa na msokoto mmoja apelekwe kwa mshauri na daktari, si mahabusu, na pombe ianze kutazamwa kwa ukali inaoustahili.

Tunaweza. Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokuwa Mirerani, hapo jirani, alitangaza kwamba viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vitapigwa marufuku kuanzia Machi 1. Vilikuwa halali, vikilipa kodi, vikiuzwa kwa bei ya vocha ya simu, vikiingia mfukoni mwa dereva wa bodaboda na kwenye begi la mwanafunzi. Siku hiyo serikali haikuuliza kama pombe ni mila. Iliuliza nani anakunywa, lini, na kiasi gani, maswali yale yale ya wazee wa Ilboru, na jibu likaamua.

Hatua inayofuata haihitaji kikosi kupanda mlima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Hatua hiyo inamtaka mwenye kaunta wa Mianzini au Usa River amtazame kijana aliye mbele yake, amuulize umri wake, na akisitasita amrudishie pesa yake.